Jeneza la Mzee Faki

Meli iliyofika siku ile ilikuwa ndefu hata jua likachelewa kuufikia mji. Wanaume wote walikwenda gatini kuuza vikoi na kuwachezea wageni ngoma, kwani siku moja ya meli hulisha nyumba mwezi mzima. Siku hiyo hiyo Mzee Faki akafa.

"Hata kufa hakujui wakati wake," mjane wake, Bi Mize, alinung'unika dirishani. Alitaka mumewe azikwe kabla ya magharibi.

Wabebaji walipatikana wawili tu, wazee wa miguu mibovu. Walipoyumba kichochoroni, wageni wa meli waliokuwa wakizurura mjini wakadhani ni tamasha. Wakatia mabega chini ya jeneza, wakapokezana kama ada inavyotaka, huku wakipigana picha.

"Waache, wanapata thawabu," mzee mmoja alimwambia mwenzake, akihema.

Mara meli ikapiga honi ya kuondoka. Wageni wakalitua jeneza njiani kwa adabu, hatua chache tu kutoka nyumbani kwa marehemu, wakakimbia. Wazee wakajaribu kuliinua, wakashindwa.

Bi Mize akafungua mlango.

"Rudi ndani, bibie. Una eda, mjane hatoki nje," mzee mmoja alimwambia.

Juu ya jeneza palikuwa na kofia ya mgeni, imesahauliwa. Bi Mize aliitazama, akatoa mguu mmoja nje ya kizingiti, aende akashike upande wa jeneza.