Polisi wa Miaka Ishirini Ijayo

Sajini aling'oa pini kwa ukucha, akachomoa karatasi ya juu yenye jina la shemeji yake, koplo wa kituoni, akaweka yenye jina lake. Kurasa zake mwenyewe, mbili tu, za kuomba virungu virefu na magari zaidi, akazivisha jina la koplo.

Mkuu wa kituo alikuwa amewataka askari wote waandike polisi watakuwaje miaka ishirini ijayo. Atakayeona mbali angehamia makao makuu, ofisi ya mipango. Sajini aliitolea macho ofisi hiyo tangu koplo yuko shule ya msingi.

Nyumbani, mkewe hakuwa na wimbo mwingine: "Mdogo wangu atafika mbali." Kazini, mkuu alimwita koplo Profesa. Nani alimfundisha kazi huyo Profesa? Kila sifa ilimwingia sajini kama pilipili jichoni.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Vituo visivyo na mahabusu, kamera vifuani. Utamu mtupu! Mlango ukagongwa.

"Shemeji, unazipeleka leo?" aliuliza koplo. "Huko mwisho nimeandika jambo zito. Linaweza kunigharimu."

"Acha maringo, Profesa. Niitie shahidi."

Shahidi, mama wa makamo, aliinamia maelezo yake, akaanza kufuata mstari kwa kidole.

"Mama, weka sahihi hapo," sajini alisema, kama alivyowaambia wote miaka yote. "Kusoma utasoma nyumbani."

Koplo alitazama sakafu.

Wiki iliyofuata mkuu alimwita sajini.

"Profesa wako kaniangusha. Virungu!" Mkuu alicheka, kisha akatulia. "Lakini wewe! Ukurasa wako wa mwisho nimeurudia mara tatu. Sijawahi kuona askari jasiri hivi."

Akamsukumia barua. Hatimaye! Sajini aliona uso wa mkewe, akaona na wa shemeji yake. Hakupoteza muda kusoma. Aliweka sahihi yenye mkia mrefu.

Mkuu aliichukua barua, akafungua ule ukurasa wa mwisho, akausoma kwa sauti ya heshima:

"'Polisi wa kesho hatamsainisha mtu maelezo asiyoyasoma. Mimi nimewasainisha wengi. Naomba mabadiliko yaanze kwa kunifukuza mimi.'"

Akasimama, akanyoosha mkono kupokea kofia ya sajini.