Kinywa cha Chewa

Walikuwapo samaki wa matumbaweni waliokwenda kusafishwa kwa zamu, na desturi yao ilikuwa moja: asafishwaye hamli amsafishaye. Siku moja Chewa alifika akihema, kupe wamemjaa matamvuani hata pumzi ikawa haba. Wakamjia visamaki wawili, kila mmoja na mstari mweusi ubavuni. Chewa alijua kuwa mmoja ni msafishaji, na mwingine ni mwigaji anyofoaye nyama.

"Aliye mkweli aingie kinywani," akasema.

"Mimi nitaanzia mkiani, mjomba," akajibu wa kwanza. "Humo mna giza."

Wa pili aliingia bila kusita, akaanza kudonoa. "Tulia, mzee. Wakubwa wamejificha huku ndani."

Chewa akawaza: mbona huyu haogopi? Nani aniamini mimi hivi, asiwe na hila? Shaka ikamzidi, akafumba kinywa, akameza.

"Umefanya vyema, mjomba," akasema aliyebaki, akazunguka nyuma.

Tangu hapo wasafishaji wote humkwepa. Chewa huachama kutwa akihema, na wanaomjia ni wale tu wapendao kuanzia mkiani.