Disketi ya Pantaleo

Kioo kiliandika None, yaani hakuna kitu. Pantaleo akafuta, akaandika upya, akabonyeza. None. Tangu asubuhi kompyuta ilikuwa haijampa jibu jingine.

"Dada Krupa," aliita mwishowe, "hii mashine inanidharau."

Krupa akaja, akavuta kiti. Alikuwa binti wa wenye duka la vitambaa mjini Shinyanga, amesomea kompyuta India, na sasa alifundisha kwenye kampuni ya kutafuta dhahabu iliyopanga ofisi njia ya Ibadakuli. Mwaka huo wa 1998 kampuni ilitaka mtu mmoja wa kuchora ramani kwa kompyuta. Waliobaki kwenye mafunzo walikuwa wawili: Pantaleo, na Ritha wa meza ya dirishani, ambaye hakuwa na maneno mengi.

"Nieleze ulichofanya," Krupa alisema.

"Fanksheni ya kwanza naipa namba ya sampuli, hapa ndani ya mabano. Inatafuta ule udongo ulichotwa wapi. Ya pili inapokea mahali hapo, inaweka nyota kwenye ramani. Dhahabu ikiwa nyingi, nyota nyingi."

"Na ya kwanza ikishapata jibu, inalifanya nini?"

"Inaliprinti. Si hili hapa kwenye kioo?"

"Hapo limeonyeshwa, kaka Pantaleo, halijakabidhiwa. Umeliona wewe mwenye macho. Fanksheni ya pili inangoja kupewa, na hujaipa kitu. Ndiyo hiyo None." Akagonga kioo kwa kalamu. "Andika return, yaani rudisha, halafu lile jibu. Hapa chini lipokee, ulipe jina, kisha ulipitishe kwenye mabano ya fanksheni ya pili. Kesho saa nne nakusanya ramani zenu."

Kazi hii Pantaleo aliitaka kwa roho yake yote. Baba yake alifukiwa na shimo la dhahabu huko Geita, wakamtoa siku ya tatu. Mama alibaki peke yake na shamba la pamba. Wiki tatu zilizopita, wakati wa kuagana, alimshika mwanawe kifundo cha mkono, akakataa kukiachia.

"Ng'wanone, mwanangu, usiingie shimoni. Katafute kazi ya juu ya ardhi."

Akaandika return. Akalipokea jibu, akalipa jina, akalipitisha. Akabonyeza.

Printa ikaanza kulia. Nukta, nukta, nukta, kisha nyota moja, kisha nyota kwa makumi. Pantaleo alipiga makofi peke yake kama mwehu. Ritha akageuka, akamtazama, akarudi kwenye kazi yake.

Alikuwa hajui hata ni ramani ya wapi. Akaenda na karatasi yake kwenye ramani kubwa ya serikali iliyobandikwa kwenye korido, akafuata namba za pembeni kwa kidole. Bonde. Shule. Njia ya ng'ombe. Kidole kikasimama kwenye vijumba viwili chini ya kilima.

Akahesabu tena. Akahesabu mara ya tatu.

Nyota zilikuwa zimesongamana juu ya nyumba ya mama yake, juu ya pamba yake, juu ya kaburi la baba. Wachota udongo walipita wilaya nzima mwaka juzi. Mama alisimulia alivyowapa maji ya kunywa, akawasifu kwa adabu.

Pantaleo alijua kinachofuata mahali kama hapo pakionekana. Alishaona watu wa kijiji cha jirani wakiondoka na milango ya nyumba zao kichwani.

Lakini nani ameona? Yeye tu. Takwimu zilikuwa kwenye disketi aliyopewa siku ya kwanza. "Hizi zako," Krupa alimwambia, akamwekea kiganjani.

Alikwenda chooni, akaichana ramani vipande vidogo vidogo, akavimwaga vyote shimoni. Akarudi mezani. Ritha alikuwa ametoka kwenda kula. Pantaleo akachomoa disketi, akasukuma kile kibati chake pembeni, akapitisha ukucha juu ya utando mweusi. Mara moja. Kisha mara nyingi, kwa nguvu, mpaka ukucha ukavunjika.

Kesho yake saa nne Krupa aliitia disketi kwenye mashine. Ikakoroma, ikakataa.

"Kazi yako yote ilikuwa humu?"

"Yote."

"Hukutoa nakala?"

"Sikutoa."

Krupa alimkazia macho. "Jana nilisikia printa yako."

"Zilikuwa nukta tupu, dada."

Ritha alikabidhi ramani yake ikiwa imekunjwa vizuri, na kazi ikawa ya Ritha. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo, hata Pantaleo.

Alifunga begi lake. Sasa hakubakiwa na njia nyingine. Kabla ya Jumapili atakuwa ameshuka shimoni kama wenzake, na itabidi amfiche mayu, mama yake, mpaka atakapogundua mwenyewe. Lakini mayu atalala kwake. Hilo alilirudia moyoni mpaka mlangoni, na lilimtosha kuinua mguu.

Krupa alimfuata, ramani ya Ritha mkononi.

"Usijitese kwa ajili ya ile disketi," alimwambia kwa upole. "Hukuharibu kitu cha kampuni. Takwimu zilikuwa za mazoezi tu, za mwaka juzi. Niliwapa wote wawili zile zile." Akaikunjua karatasi amwonyeshe. "Hapa penye nyota nyingi mashine zilianza kuchoronga Jumatatu. Wenyeji walishahamishwa wiki iliyopita."