Udi wa Mahakamani

Siku hizi, mnyama akikamatwa na maafisa wa ustawi, mahakama haihangaiki na mashahidi. Mnyama hufungwa kifuani ukanda wa kupima moyo, mwenye mnyama akamwita, na mapigo ya moyo ndiyo hutoa hukumu. Yakitulia, wanarudi wote nyumbani. Yakienda mbio, basi tena.

Mwanamize hakuwa na wasiwasi na mbuzi wake. Alimlea Doa kwa chupa tangu akiwa mchanga, na kosa lenyewe lilikuwa kumsahau juani mchana mmoja tu. Asubuhi hiyo alivaa kanga mpya, akajifukiza udi, kama inavyompasa mtu anayekwenda mbele ya wakubwa.

"Mwite," hakimu alisema.

"Doa! Njoo, mwanangu."

Mbuzi akamkimbilia, akanusa ile kanga, akaganda. Kioo cha ukutani kilichoonyesha mapigo yake kikawaka rangi nyekundu. Hapo ndipo Mwanamize alipokumbuka. Nyumbani kwake udi ulifukizwa siku ya Idi tu, na Idi ya kuchinja ndiyo iliyomwondoa mama yake Doa, Doa mwenyewe akiangalia.

"Mheshimiwa, ni udi huu! Niruhusu nikabadilishe nguo!"

"Moyo ukishasema umesema, mama."

Doa akatolewa kwa mlango wa nyuma. Afisa akamkabidhi Mwanamize ukanda mwingine, mdogo zaidi.

"Sheria mpya inaanza Jumatatu," alisema kwa upole. "Una mtoto nyumbani, sivyo?"

Mwanamize akaitikia kwa kichwa. Asubuhi ile, mtoto alipokaribia kuimwagia chai kanga mpya, alikuwa amemzaba kofi.