Shukrani kwa Pelele

Mzee Mhanga alilikumbuka kwa uchungu baraza la zamani, wanyama wenzake, babu yake Kasuku akiwamo, walipokuwa wakielezana yale waliyoyaona kwa macho yao. Siku hizi Kasuku alipayuka tu, na wengine wakamshangilia.

Kisima kilipokauka, Mhanga aliuliza, "Jamani, maji yako wapi?"

"Mawinguni!" akadakia Kasuku. Wakaangua kicheko.

Pelele, mnyama mdogo aishiye majabalini, akanong'ona, "Yako nyuma ya jabali. Nimeyanywa asubuhi."

Mhanga hakumkemea Kasuku. Alisimama, akasema, "Ahsante, mwanangu. Rudia, wote wasikie."

Wakaenda, wakanywa, wakamshukuru Pelele kwa jina.

Kesho yake Kasuku alikuja miguu imejaa tope. "Babu, bondeni nako kuna maji. Nimekwenda kuona mwenyewe."

"Umesema kama marehemu babu yako," Mhanga alimjibu. "Kaa hapa. Palikuwa mahali pake."