Mlango wa Nyumba ya Zege

Kimbunga kiling'oa paa la jirani na kulibamiza kwenye nyumba ya zege ya Tunu. Kuta hazikutikisika. Ndani, wanawake wa mtaa walijibanza sakafuni na watoto wao. Mara mlango ukagongwa kwa ngumi.

"Shemeji, nifungulie! Kwangu kumeanguka!"

Alikuwa Makungu, aliyemvunja Tunu mkono kwa nyundo siku ya kumwaga zege la msingi, akidai kiwanja cha marehemu kaka yake, mume wa Tunu.

"Mwache afe!" mwanamke mmoja akapiga kelele.

Tunu akavuta komeo. Upepo ukaufyatua mlango, ukamtupa chini. Makungu akaingia akivuja damu, amembeba mama yake mgongoni. Akamlaza, akageuka kuusukuma mlango. Haukufungika. Tunu akainuka, akasimama ubavuni pake, akasukuma.