Kipimo cha Sare Mpya

Mshonaji alikuja karakanani kutupima sare za mwaka ujao. Kila aliyempima alimwandikia namba zake, kisha akairudisha kalamu sikioni. Zamu yangu ilipofika, alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili, kisha akainamisha macho.

"Jina lako halimo, kaka."

Foleni nzima ikanigeukia. Tangu tusikie watu watapunguzwa kazini, nilikuwa nikitembea na barua ya kujiuzulu mfukoni. Bora kutoka kwa miguu yangu kuliko kusindikizwa na mlinzi.

Lakini mama watoto anasafishwa figo mara mbili kwa wiki, kwa kadi ya matibabu ya kazini. Nikijiuzulu, kadi inakufa siku hiyo hiyo. Wakinipunguza wao, inaishi miezi mitatu zaidi.

Meneja alisimama mlangoni akinitazama. Nilijua anasubiri nikasirike, nijiuzulu mwenyewe.

"Fundi, we pima tu," nikasema. "Na hapa tumboni niachie nafasi, mwakani nitanenepa."

Watu wakacheka kwa shida. Nikainua mikono. Mshonaji akanizungushia tepu kifuani taratibu. Ncha yake ya bati ilikuwa ya baridi. Akataja namba kwa sauti, wote wasikie.

Kalamu yake ilikuwa bado sikioni.